Damu Haiongezwi kwa Rangi



Sisi tufanyao kazi ya reli Mombasa, na wake zetu wako nyumbani Kilifi na Malindi, twaijua desturi hii: mke akiwa mja mzito, akaambiwa kiliniki kwamba damu yake ni haba, twampelekea soda nyekundu. Twadhani chekundu huzaa chekundu. Hasha! Injini haivuti mabehewa kwa rangi yake, bali kwa mafuta yaliyomo ndani. Soda hiyo ni maji, sukari na rangi tu.

Damu yataka madini ya chuma. Yamo katika maini, nyama, dagaa, kunde na mchicha. Mboga zikamuliwe ndimu, au ziliwe pamoja na embe, ndipo madini hayo yaingie mwilini vyema. Chai huyazuia, basi isinywewe pamoja na chakula.

Tena wazee wetu humkataza mja mzito mayai, wakiogopa mtoto atakuwa mkubwa na uzazi uwe mgumu. Twawaheshimu, lakini hapa hatukubaliani nao. Yai hujenga mwili wa mama na wa mtoto, na mtoto azaliwaye mdogo mno ndiye aliye hatarini.

Hata hivyo chakula peke yake hakitoshi. Pwani yetu ina malaria na safura, nayo hula damu. Mke ahudhurie kiliniki, ameze vidonge vya chuma apewavyo, alale ndani ya chandarua.

Ndugu, mshahara ujao tusitume soda. Tutume nauli ya kiliniki na pesa za dagaa.