Mauaji na Vitendo vya Mauaji: Kiswahili Mbele ya Filamu ya Makala



Nimeombwa nizungumzie Kiswahili na tafsiri ya filamu za makala. Uwanja huo ni mpana, kwa hiyo nitashika mfululizo mmoja, na ndani yake tamko moja tu.

Mfululizo wenyewe ni Frontline, ulioanza Januari 1983 katika televisheni ya umma ya Marekani, PBS. Hutayarishwa Boston, na mwasisi wake, David Fanning, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliuongoza hadi 2015. Kwa zaidi ya miaka 40 umesimulia vita, siasa na fedha kwa sauti tulivu ya msimulizi asiyeonekana. Tangu 1995 watayarishaji wake walianza kuweka kwenye intaneti maandishi marefu ya mahojiano. Kwa mfasiri hiyo ni neema, maana aweza kuona msemaji alitamka nini kabla mkasi haujapita. Laiti vituo vyetu vingeiga!

Aprili 2004, miaka 10 baada ya maangamizi ya Rwanda, Frontline ilionyesha Ghosts of Rwanda, filamu ya saa mbili. Mna humo kipande cha mkutano wa waandishi wa habari uliofanyika Washington tarehe 10 Juni 1994. Mauaji yalikuwa yamepita miezi miwili. Msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani alikubali kwamba “vitendo” vya jinai hiyo vimetokea, ila hakutaka kuitaja jinai yenyewe. Mwandishi wa Reuters akamuuliza ni vitendo vingapi vinavyotosha kuwa jinai kamili. Msemaji akajibu kuwa hilo si swali awezalo kulijibu. Ukwepaji huo ulikuwa na sababu: Mkataba wa 1948 unazitaka nchi zilizouridhia zizuie jinai hiyo na kuiadhibu, na Marekani iliuridhia 1988.

Sasa tukifasiri. Neno la Kiingereza genocide, lililoundwa na Raphael Lemkin na kuchapishwa 1944, ni jina dhahania la jinai nzima. Ukilitanguliza neno la vitendo, unapunguza uzito. Unasema vipande bila kuitaja jumla. Kiswahili kina “mauaji ya kimbari”, kutokana na mbari, yaani ukoo. Lakini neno “mauaji” tayari ni vitendo. Limeundwa kwa kitenzi -ua, lina kiambishi ma-, na halina umoja unaotumika kwa maana hiyo. Kwa hiyo “vitendo vya mauaji ya kimbari” hakikwepi chochote. Chasikika kama msisitizo. Mtazamaji wa Kigoma au Bukavu atamsikia msemaji akikiri, ilhali aliyekuwapo Washington alimsikia akikataa. Na swali la mwandishi lageuka kuwa la kuhesabu maiti, badala ya kupima neno.

Wako watakaopendekeza “vitendo vyenye sura ya mauaji ya kimbari”. Hila inarudi, nakiri, lakini neno “sura” ni la mfasiri, msemaji hakulitia. Wengine watabakiza neno la kigeni na kuacha maandishi yapite chini ya picha. Mimi naona ni kumtupa mtazamaji njiani. Naegemea “vitendo vya kuangamiza” upande mmoja na “maangamizi ya mbari” upande wa pili: tofauti ya kitenzi-jina na nomino yampa msikilizaji ufa wa kuuona, na swali la mwandishi lasimama: vitendo vingapi vya kuangamiza ndiyo maangamizi?

Haya si mambo ya filamu peke yake. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa Arusha, katika nchi ya Waswahili, ikatoa hukumu yake ya kwanza ya jinai hiyo Septemba 1998 na kufungwa mwisho wa 2015. Lugha zake rasmi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Istilahi yetu ikaachiwa vyumba vya habari, ambako mfasiri hupewa dakika chache kabla ya taarifa ya saa mbili usiku.