Bawa Linalopinda Mbioni: Kasoro ya Ukaguzi Unaofanywa Gari Likiwa Limesimama

Utangulizi

Mada hii imeandaliwa kwa ajili ya wakaguzi wa ufundi wa magari ya mashindano. Inahusu ujanja wa aerodinamiki katika mbio za Langalanga, yaani Formula 1. Mambo ya msingi yatapitiwa haraka, kwa kuwa washiriki wanayafahamu. Sehemu kubwa inahusu suala moja ambalo limewasumbua wasimamizi kwa zaidi ya miaka 15: bawa la mbele linalofaulu kila kipimo gereji, kisha likapinda likiwa mbioni.

Ufafanuzi

Bawa la gari la mbio ni bawa la ndege lililogeuzwa juu chini. Badala ya kuinua, linagandamiza gari chini ili matairi yashike lami. Mgandamizo huo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Gari likitoka kilomita 100 kwa saa hadi 300, mgandamizo unakuwa mara tisa. Pamoja nao huja ukinzani wa hewa, unaolirudisha gari nyuma kwenye barabara iliyonyooka.

Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) zinataka vifaa hivi vifungwe imara na visisogee, isipokuwa pale kanuni zenyewe zinaporuhusu. Kuna sababu. Tarehe 4 Mei 1969, huko Montjuïc, Barcelona, mabawa marefu ya nyuma ya magari mawili ya Lotus yalivunjika katika mbio zilezile, gari la Graham Hill likitangulia, kisha la Jochen Rindt, ambaye aliumia. Wiki mbili baadaye, Monaco, mabawa hayo marefu yalipigwa marufuku.

Tatizo lenyewe

Hakuna kitu kisichopinda kabisa. Bawa la nyuzi za kaboni likisukumwa na hewa litapinda tu, hata kama ni kwa milimita chache. Kwa hiyo FIA huweka uzito juu ya bawa na kupima limeshuka kiasi gani. Kiwango hicho ndicho kimekuwa sheria halisi, na kanuni inayotamka kwamba kifaa kisisogee imebaki nyuma yake.

Hapo ndipo wahandisi walipopata nafasi. Nyuzi za kaboni hupangwa tabaka kwa tabaka, na mwelekeo wa kila tabaka huamua bawa litakaza wapi na kulegea wapi. Mbunifu hodari anaweza kulifanya liwe gumu pale mkaguzi anapoweka uzito na lijipinde pale hewa inapolisukuma. Katika magari ya kipindi cha 2022 hadi 2025, faida ilikuwa kubwa. Kwenye kona za polepole bawa lilisimama na kuipa pua ya gari mshiko. Kwenye kona za kasi vipande vyake vya juu vililala nyuma, mgandamizo wa mbele ukapungua, na mkia wa gari ukatulia. Dereva alipata magari mawili katika mzunguko mmoja.

Mada hii haidai kwamba timu fulani ilivunja kanuni. Bawa lililofaulu kipimo ni halali, na mkaguzi hana mamlaka ya kuhukumu nia. Hata hivyo historia yenyewe inachosha.

Mwaka 2010 picha zilionyesha ncha za bawa la mbele la Red Bull zikikaribia kugusa lami. Bawa lilikuwa limefaulu kipimo. FIA ikaongeza uzito wa jaribio kutoka kilo 50 hadi 100 kuanzia mbio za Ubelgiji. Bawa likafaulu tena, na Red Bull ikamaliza msimu na mataji yote mawili.

Mwaka 2014, Abu Dhabi, timu hiyohiyo iliondolewa kwenye matokeo ya kupanga nafasi baada ya kubainika kwamba vipande vya bawa la mbele vilibuniwa vipinde kwa nguvu ya hewa. Sebastian Vettel na Daniel Ricciardo walianzia mbio kwenye njia ya gereji. Huo ni mfano adimu wa kanuni yenyewe kutumika.

Mwaka 2021 malalamiko yalihamia bawa la nyuma, na vipimo vipya vikaanza Juni, katikati ya msimu. Mwaka 2024, Baku, kamera ilionyesha kingo za bawa la nyuma la McLaren ya Oscar Piastri zikiinuka na kufungua mwanya kwenye mwendo mkali. Piastri alishinda. Bawa lilikuwa limefaulu vipimo vyote, lakini McLaren ilikubali kulirekebisha baada ya mazungumzo na FIA.

Kisha ukaja mwaka 2025. Kuanzia mbio za Hispania, tarehe 1 Juni, bawa la mbele lililowekewa nyutoni 1,000 kila upande liliruhusiwa kushuka milimita 10 badala ya 15. Wengi walitarajia mpangilio wa timu ubadilike. McLaren, iliyokuwa ikiongoza, ilishika nafasi ya kwanza na ya pili siku hiyo. Timu zikawa zimetengeneza mabawa mapya chini ya ukomo wa bajeti, na mashaka yakabaki palepale.

Kasoro haiko kwenye idadi ya kilo. Kupima bawa gari likiwa limesimama ni sawa na kukagua breki za daladala lililoegeshwa stendi. Na vifaa vya kupima mwendoni vipo: mwaka 2021 mabawa ya nyuma yalibandikwa alama zilizofuatiliwa kwa kamera, na mwaka 2024 FIA ilifunga kamera maalumu kutazama mabawa ya mbele wakati wa mazoezi. Kinachokosekana ni kuupa ushahidi huo nguvu ya kisheria.

Mapendekezo

1. Upindaji upimwe gari likiwa mbioni, kwa kamera na alama, na kikomo kiandikwe kwa milimita katika kasi iliyotajwa.

2. Picha hizo zitambuliwe kuwa ushahidi kamili. Zisiishie kuwa sababu ya kuongeza uzito gereji.

3. Jaribio la gereji libaki, lakini uzito uwekwe kwa pembe kadhaa, likiwemo sukumo la kutoka mbele kwenda nyuma, kwa kuwa hewa haisukumi kuelekea chini pekee.

4. Sehemu za kuwekea uzito zichaguliwe kwa kura siku ya ukaguzi.

5. Vipimo visibadilishwe katikati ya msimu, isipokuwa kwa sababu ya usalama.

6. Matokeo ya kila gari yatolewe kwa timu zote kwa wakati mmoja.

7. Kanuni za 2026, zinazoruhusu mabawa ya mbele na nyuma kusogea kati ya mikao miwili, zisichukuliwe kuwa zimemaliza suala hili. Bawa linalosogea kwa amri ya dereva bado linaweza kupinda kwa nguvu ya hewa, hivyo pendekezo la kwanza linahitajika hata zaidi.

8. Wakaguzi wa ngazi zote wafundishwe kusoma vipimo vya kamera, la sivyo pendekezo la kwanza na la pili hayatatekelezeka.

Hitimisho

Washiriki wanaombwa kuanza mjadala na pendekezo la kwanza na la pili. Muda ukiwa mfupi, mengine yanaweza kuahirishwa hadi kikao kijacho. Hayo mawili yapigiwe kura leo.