Mbu wa Saa za Kazi

Leo tuko Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, hatua chache tu kutoka Kariakoo. Homa ya dengue imeshalizuru jiji hili mara kadhaa: 2010, 2014, kisha 2019, wagonjwa walipozidi 6,000 nchini, wengi wakiwa hapa jijini. Mwaka 2014 kilitamba kirusi aina ya pili. 2019, aina ya kwanza na ya tatu. Aina ziko nne. Aliyeugua moja hana kinga ya kudumu dhidi ya nyingine, na homa ya pili yaweza kuwa kali zaidi.

Anayeieneza ni Aedes, mbu mwenye madoa meupe miguuni. Huyu hangoji usiku. Huuma asubuhi na alasiri, ukiwa dukani, chandarua kimekunjwa nyumbani. Hutaga kwenye maji yaliyotuama: mapipa, ndoo, matairi chakavu, vifuu. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi. Sugua kuta za pipa, kisha ulifunike.

Ukipata homa, maumivu nyuma ya macho na viungo kuuma, nenda ukapime. Usimeze dawa ya mseto ya malaria kwa kubahatisha, wala aspirini, maana aspirini huchochea kutoka damu.