Kasi ya Moto Kutoa Joto: Dakika za Mwanzo Zimo Mikononi mwa Wananchi



Mbele ya nyumba inayoungua, askari wa zimamoto haulizi tu moto una nyuzi ngapi. Jambo kuu kwake ni kiasi cha joto ambacho moto huo unatoa kila sekunde. Hiyo ndiyo kasi ya moto kutoa joto, nayo hupimwa kwa wati na kilowati, kama ilivyo kwa umeme.

Mshumaa mmoja hutoa takriban wati 80. Pasi ya umeme hutumia kama wati 1,000, yaani kilowati moja. Godoro la sponji linapowaka lote hutoa mamia ya kilowati, na pengine huvuka 1,000. Ni sawa na pasi elfu moja zilizowashwa ndani ya chumba kimoja. Hapo joto na moshi hujaa upesi kuliko mtu anavyoweza kujiokoa.

Kipimo hiki kilitokana na hewa. Mwaka 1917, W. M. Thornton wa Uingereza alionesha kuwa vimiminika na gesi nyingi zinazoungua hutoa joto linalokaribiana kwa kila kilo ya oksijeni inayotumika. Mwaka 1980, Clayton Huggett wa Marekani alionesha kuwa ndivyo ilivyo pia kwa mbao, nguo na plastiki: takriban megajuli 13 kwa kilo. Kwa hiyo maabara huchoma kitanda au kiti chini ya kofia kubwa inayokusanya moshi, hupima oksijeni iliyopungua, na kukokotoa kasi ya joto.

Askari aliye kwenye tukio hana kofia hiyo. Yeye husoma moshi. Ukiwa mweusi, mzito na unafoka kwa nguvu mlangoni, hutambua kuwa chumba kizima kinakaribia kuwaka kwa pamoja.

Wahandisi hukadiria kuwa moto unaokua haraka hufikia kilowati 1,000 katika sekunde 150. Muda ukiongezeka maradufu, kasi hiyo huongezeka mara nne. Ndiyo sababu mabweni huhitaji uangalizi wa pekee, kwa kuwa magodoro mengi hukaa karibu karibu. Juni 1994, moto katika bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo, uliua wasichana zaidi ya 40.

Katika Wilaya ya Lushoto, nyumba nyingi zimejengwa juu ya vilima na kwenye miteremko ya Usambara. Hata gari la zimamoto likiondoka papo hapo, haliwezi kushindana na sekunde 150 katika barabara za kona. Dakika hizo zimo mikononi mwa aliye karibu na moto.

La kwanza ni kuwatoa watu wote. La pili ni kufunga mlango wa chumba kinachoungua mara watu wanapokuwa nje, kwani moto unaokosa hewa hupungua kasi. La tatu ni kupiga 114, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na kutaja kijiji, kitongoji na njia ya kufika. Ndoo ya maji hufaa moto ungali mdogo tu. Ukishapanda dari, ndoo iachwe. Na aliyekwisha kutoka asirudi ndani kufuata mali.