Tangawizi kwa Mja Mzito: Dawa Yataka Kipimo



Katika kila wanawake kumi wanaoshika mimba, saba au wanane hupatwa na kichefuchefu katika miezi ya mwanzo. Hali hiyo huanza mnamo wiki ya nne hadi ya sita, huzidi makali wiki ya tisa hivi, na kwa walio wengi hutulia kabla ya wiki ya 20. Wako waiitao ugonjwa wa asubuhi, lakini mama aliyeipata anajua kwamba haichagui saa. Harufu ya samaki anayekaangwa jioni yatosha kumtoa jikoni mbio.

Jambo lililoenea kiasi hicho lilistahili kupewa uzito. Hata hivyo, katika nyumba nyingi mwanamke wa namna hii huambiwa anadeka, au kwamba mimba imemkataa mumewe, na maneno yakaishia hapo. Mwezi Desemba 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzao wa nchi nyingine walichapisha ushahidi kwamba chanzo kikubwa ni homoni iitwayo GDF15, ambayo mtoto aliye tumboni pamoja na kondo lake huitoa kwa wingi na kuingia katika damu ya mama. Mama ambaye kabla ya mimba mwili wake ulikuwa na homoni hiyo kidogo ndiye huelekea kuteseka zaidi, kwa kuwa hakuizoea. Hilo basi ni shauri la damu, wala si la tabia.

Waja wazito wengi huvikwepa vidonge vya dukani na kugeukia mimea, na hofu yao ina historia. Mwaka 1957 dawa ya thalidomidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi kama dawa ya usingizi na ya kutuliza moyo. Haikuchukua muda ikawa inatumiwa na waja wazito kwa ajili ya kichefuchefu. Ilipoondolewa sokoni nchini humo mwezi Novemba 1961, madhara yalikwisha kutokea: inakadiriwa kwamba watoto zaidi ya 10,000 katika nchi mbalimbali walizaliwa na mikono au miguu mifupi, au bila viungo hivyo kabisa. Ni haki kwa mama kuogopa. Kosa huanza pale hofu ya kidonge inapogeuka kuwa imani kwamba kila jani ni salama.

Katika mimea yote ya jikoni, ule uliochunguzwa zaidi kwa ajili ya kichefuchefu cha mimba ni tangawizi. Mwaka 1991 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Denmark, ambako wanawake 30 waliolazwa kwa kutapika kupita kiasi walipewa gramu moja ya unga wa tangawizi kwa siku, kwa muda wa siku nne, kisha wakapewa unga usio na dawa kwa muda kama huo, wengine kwa kuanza na huu na wengine na ule. Wengi walisema kipindi cha tangawizi ndicho kilichowapa nafuu. Mwaka 2001 yakafuata matokeo ya Thailand, kwa kipimo kile kile. Kati ya wanawake 32 waliotumia tangawizi, 28 walipata nafuu ya kichefuchefu. Kati ya 35 waliopewa kisichokuwa dawa, walionafuika walikuwa 10 tu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa huduma kwa waja wazito, liliitaja tangawizi pamoja na kamomili, vitamini B6 na tiba ya sindano za Kichina kuwa njia za kupunguza kichefuchefu katika miezi ya mwanzo.

Mkulima wa milima ya Upare, huko Same, anayepalilia tangawizi yake, analima basi kitu ambacho hospitali zinakitambua. Lakini neno lililobeba uchunguzi wote huo ni gramu moja. Hiyo ni kama nusu kijiko cha chai cha unga, nayo haikulambwa kwa mkupuo, bali iligawanywa mara nne kwa siku. Anayechemsha sufuria nzima ya tangawizi mbichi na kuinywa hadi koo liwake hapati dawa zaidi. Aghalabu hupata kiungulia. Mja mzito anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au anayetokwa na damu, asiianze kabla ya kumwuliza mganga au mkunga wa zahanati.

Liko pia shauri la chai. Desturi ya nchi hii ni kuitia tangawizi katika chai ya rangi, na ladha yake haina mfano. Walakini majani ya chai huzuia mwili kuyapokea vizuri madini ya chuma yaliyomo katika chakula na katika vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki. Mja mzito ambaye damu yake ni pungufu afadhali aichemshe tangawizi peke yake, au aitie katika uji, na chai ainywe mbali na chakula na vidonge.

Ndimu, ukwaju, ubuyu na embe bichi la chumvi havikupimwa kama tangawizi ilivyopimwa. Ni vyakula, na kwa kiasi cha chakula havina neno. Ukali wake huwasaidia wengi kumeza mate na kula kidogo. Kipande cha muhogo wa kuchemsha, kikiliwa kabla ya kuinuka kitandani, nacho husaidia, maana tumbo tupu huzidisha kichefuchefu. Udongo uitwao pemba, unaouzwa sokoni kando ya viungo, hauna nafasi katika orodha hii. Si mmea, waweza kuwa na risasi au mayai ya minyoo, na huyashika madini ya chuma yasifike katika damu.

Yako na majani yasiyofaa kabisa kwa mwenye mimba. Mwarobaini, ambao husifiwa kwa maradhi lukuki, haumfai. Utomvu wa mshubiri huharisha kwa nguvu. Mafuta ya nyonyo huchafua tumbo na yaweza kuamsha uchungu kabla ya wakati wake. Kuyasema haya si kuwadharau waganga wa jadi. Muhimbili kilianzishwa kitengo cha kuchunguza dawa za asili tangu mwaka 1974, na mwaka 2002 ikatungwa sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Mganga anayeijua kazi yake hutaja jina la mti, sehemu inayotumika na kiasi chake. Asiyetaka kuulizwa hayo hastahili kupewa tumbo la mtu.

Kisha kuna kutapika ambako si kwa mimba. Katika nchi yenye malaria, mja mzito mwenye homa, maumivu ya kichwa na matapishi hupimwa damu siku hiyo hiyo. Kumchemshia tangawizi na kungoja kesho ni kuhatarisha maisha mawili. Vivyo hivyo kwa anayeumwa akikojoa. Na mama mmoja hadi watatu katika kila mia hutapika kupita kiasi, hata maji hayakai. Mkojo ukiwa mweusi na haba, akipata kizunguzungu akisimama, au akimaliza siku nzima bila kitu kutulia tumboni, anahitaji kuwekewa maji ya mshipa, na ziko dawa za hospitali zilizokwisha tumiwa miaka mingi kwa ajili hiyo. Hapo tangawizi imefika mwisho wake.

Yaliyobaki ni ya nyumbani, na hayahusu mmea wowote. Harufu ya mafuta ya taa, ya moshi na ya vitunguu vinavyoungua ndiyo humchafua zaidi mama huyu, naye ndiye anayeachiwa jiko. Kwa majuma hayo machache jiko la mkaa laweza kutolewa nje, na samaki akakaangwa na baba mwenye nyumba.