Mali Bila Daftari
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, Kiganjo)



Tumeombwa tuseme machache juu ya kuanzisha biashara ndogo. Sisi si wasomi. Tulisoma shule ya msingi ya misheni, tukajua kusoma, kuandika, kujumlisha na kutoa, kisha tukaingia kazi ya reli. Lakini hesabu zile za shule ndizo tunazotaka kuzisema leo, maana tulizijua na hatukuzitumia, na hasara yake tuliiona kwa macho yetu.

Tulikuwa watu sita wa kazi ya njia. Kila mmoja alitoa shilingi 10,000, jumla ikawa 60,000. Tukakodi chumba karibu na stesheni, tukapaka rangi, tukanunua rafu na mizani, tukajaza unga, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni na majani ya chai. Siku ya kufungua tulichinja mbuzi, tukala na majirani. Mbuzi yule, ndugu zangu, tulimnunua kwa fedha za duka.

Duka lile liliishi miezi tisa. Halikuibiwa, halikuungua, wala hapana mtu aliyetuonea. Tulilila sisi wenyewe. Leo mtoto wa huyu alikuja kuchukua unga kilo mbili, akasema, "Baba amesema muandike." Kesho mwingine alichukua shilingi 500 za nauli, akasema atarudisha mwisho wa mwezi. Mara nyingine tuliandika, mara nyingi hatukuandika, kwa kuwa tulioneana haya. Tuliona ni vibaya kumwandika ndugu kama mdaiwa.

Usiku wa kufunga duka tuliketi mpaka alfajiri tukijaribu kukumbuka nani alichukua nini. Kila mtu alikumbuka deni la mwenzake, hapana aliyekumbuka la kwake. Urafiki wa miaka kumi ulivunjika usiku ule. Mwenzetu mmoja aliomba ahamishwe kituo, na hata leo tukimpelekea salamu hajibu. Fedha tulizipata tena. Yeye bado hatujampata.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tulikuwa tukiisema methali hii tangu utoto. Sasa twaijua maana yake.

Huenda mmoja akauliza: mfanyakazi na biashara, wapi na wapi? Je, kazi ya chama si kudai mshahara? Ndiyo, na tutaudai. Lakini kumbukeni mwaka 2006, uendeshaji wa reli ulipokabidhiwa kampuni ya binafsi. Wenzetu wengi walipunguzwa kazi. Mtu ambaye hajapata kuuza hata ndizi alishika fedha nyingi mara moja, akazitia zote katika matatu moja au nyumba isiyokwisha. Mwaka 2017 mkataba ule ulivunjwa na reli ikarudi mikononi mwa Shirika, lakini wale hawakurudi kazini. Kwa hiyo twasema: anayetaka kujifunza biashara na ajifunze sasa, mshahara ungalipo, kwa fedha kidogo. Shule ya hasara ina karo yake, na heri kuilipa ukiwa mdogo kuliko kuilipa kwa kiinua mgongo.

Haya ndiyo mashauri yetu.

Kwanza, tazama watu wanataka nini kabla ya kununua rafu. Njia yetu ilifika Thika mwaka 1913, na baadaye Nanyuki. Kila treni iliposimama, watu walikuja na vikapu. Miji hii haifanani. Naro Moru na upande wa Kieni kuna viazi, karoti na vitunguu. Karatina ni soko la kukusanya na kugawa. Mali huja kutoka kila upande na kuondoka usiku kwenda Nairobi. Sagana ni karibu na mchele wa Mwea. Nanyuki kuna askari na wageni wanaokwea mlima. Basi usifungue duka la unga kwa kuwa jirani yako ana duka la unga. Nenda sokoni siku mbili ukiwa na penseli. Andika kitu ambacho watu wanaulizia na hawakipati. Hiyo ndiyo biashara yako.

Pili, usimtegemee mnunuzi mmoja. Wazee wa Mathira wanalijua jambo hili. Wakati wa vita vya pili vya dunia, serikali ya kikoloni ilijenga kiwanda Karatina cha kukausha mboga kwa chakula cha askari. Wakulima walilima kwa bidii, wakapata fedha. Vita vikaisha mwaka 1945, haja ya mboga kavu ikaisha, na baadaye kiwanda kikafungwa. Mboga zilikuwa zile zile na mikono ile ile, lakini mnunuzi amekwenda zake. Ukiuza mayai kwa hoteli moja tu, siku ile hoteli ikifunga mlango umefungiwa nawe. Afadhali hoteli moja, shule moja, na akina mama kumi wa sokoni.

Tatu, hesabu yote iandikwe. Tutoe mfano. Tuseme umenunua gunia la viazi la kilo 50 kwa shilingi 2,000. Umelipa gari shilingi 150, na ushuru wa soko shilingi 50. Gunia limekugharimu 2,200. Ukafika sokoni ukakuta kilo tatu zimeoza. Umeuza kilo 47 kwa shilingi 55 kila kilo, ukapata 2,585. Asiye na daftari anaona 2,585 mfukoni na kujiita tajiri. Mwenye hesabu nusu anatoa bei ya gunia na kuona faida ya 585. Mwenye daftari anajua faida yake ni 385. Na mtu anayetumia 585 kila gunia, naye faida yake ni 385, anakula mtaji wake shilingi 200 kila gunia, tena anamshukuru Mungu kwa chakula hicho.

Nanyi mnaonunua viazi, nunueni kwa kilo. Kanuni za mwaka 2019 zasema gunia lisizidi kilo 50. Lumbesa humwumiza mkulima, na mkulima ni baba yako na mama yako. Kadhalika pata leseni ya kaunti, mizani yako ipigwe muhuri, na ukiuza chakula kilichopikwa pata cheti cha afya. Gharama hizi nazo ziandikwe tangu siku ya kwanza, zisije zikakushtua.

Nne, deni. Baba zetu walizuiliwa kukopa. Sheria ya mwaka 1948 ya kukopesha Waafrika ilifanya deni la zaidi ya shilingi 200 lisidaiwe kortini bila kibali cha serikali, na kwa hiyo wenye mali waliogopa kumkopesha mfanyabiashara Mwafrika. Ilikuwa dhuluma, nayo iliwarudisha nyuma sana. Leo shida imegeuka. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na mikopo ya simu ikafuata, deni laja kwa kidole kimoja, usiku, ukiwa kitandani. Shauri letu ni hili: kopa kununua mali itakayouzwa kabla ya siku ya kulipa. Usikope kununua unga wa nyumbani, wala kulipa deni lingine.

Hata nyumba ya fedha huangushwa na madeni. Mwaka 1984 watu wa Murang'a walianzisha Equity, wakati ule ikiwa chama cha kukopesha watu fedha za nyumba. Kufika mwaka 1993 mikopo mingi ilikuwa haijalipwa, na Benki Kuu ikaona haiwezi tena kulipa madeni yake. Haikuokolewa na matajiri peke yao. Ilirudi kwa watu wadogo, wauza mboga na wakulima wa chai, waliokuwa hawatazamwi na benki kubwa, ikapokea akiba yao kidogo kidogo, na mwaka 2004 ikawa benki kamili. Basi usiidharau akiba ndogo, wala deni dogo lisilolipwa.

Tano, na hili ndilo kubwa, biashara iwe na mfuko wake. Sisi watu wa mshahara tuna desturi moja mbaya: fedha ikiwa mfukoni twaona ni yetu, maana mwisho wa mwezi itakuja nyingine. Fedha ya duka haiji mwisho wa mwezi. Ni mbegu, na anayekula mbegu hana cha kupanda mvua ikinyesha. Jiwekee ujira kidogo, uandike, uchukue huo tu. Mke wako akitaka sukari ya duka, alipe kama jirani. Ndugu yako akikopa, mwandike mbele yake, naye atie sahihi. Kumwandika ndugu si kumtukana. Sisi hatukumwandika ndugu yetu, na ndiyo sababu tulimpoteza.

Watatu kati yetu tulianza tena. Safari hii hatukukodi chumba wala kupaka rangi. Wake zetu huuza mayai na viazi Karatina, nasi hununua mali siku zetu za mapumziko. Kila Jumapili baada ya kanisa twaketi mezani, twafungua daftari, na kila mmoja anasoma kwa sauti alichochukua. Mwanzoni ilikuwa aibu. Sasa ni desturi. Umepita mwaka wa pili. Hatujawa matajiri, lakini karo ya watoto imelipwa, mtaji ungalipo, na sisi watatu twasalimiana. Mwaka jana tulichinja mbuzi. Kila mtu alitoa fedha ya mbuzi huyo katika mfuko wake.

Bwana Mwenyekiti, tuna ombi moja. Wanachama wanaotaka kuanza wasitoe fedha kwanza. Wajiunge watano watano, waje Jumamosi baada ya kazi, kila mmoja na penseli na daftari la kurasa 32. Tutafanya hesabu ya gunia moja la viazi mpaka kila mtu aijue. Asiyejua kuandika aje na mtoto wake wa shule, maana wengi wa watoto wetu watatushinda.

Na ikiwa kati yenu yupo anayemfahamu yule mwenzetu aliyehama, tafadhali mwambieni kwamba daftari letu jipya lina ukurasa wenye jina lake. Upande wa deni hatukuandika kitu.