Uanagenzi wa Sanaa Ugenini: Funzo la Safari ya Magdalene Odundo

Mwaka 1971 msichana aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 alikwenda Uingereza kuendeleza fani aliyoianza nyumbani: uchoraji wa matangazo na michoro ya biashara. Jina lake ni Magdalene Odundo. Alijiunga na chuo cha sanaa mjini Cambridge, na hapo ndipo alipoushika udongo, ukamkolea. Michoro ya biashara ikawekwa kando. Kufikia mwaka 1974 alikuwa Nigeria, katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, akijifunza kufinyanga kwa mkono kwa akina mama wa kabila la Wagwari.

Abuja hiyo si mji mkuu wa leo. Ni mji wa zamani ambao sasa unaitwa Suleja, na kituo chake kiliasisiwa na mfinyanzi wa Kiingereza, Michael Cardew, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Aliyekipa sifa kubwa ni Ladi Kwali, mwanamke ambaye picha yake imo nyuma ya noti ya naira 20.

Mada hii ya semina inaanza na safari hiyo kwa makusudi. Kijana wa Afrika Mashariki anapopata nafasi ya mafunzo ya kazi za ubunifu ng'ambo, iwe ni katika ubunifu wa mitindo, filamu, uchoraji au muziki, jambo la kwanza watu kumuuliza ni jiji gani. Akitaja London au Berlin, pongezi humiminika. Ni wachache mno wanaomuuliza atakaa na fundi gani. Odundo alikuwa amekwishafika Ulaya, penye vyuo na majumba ya makumbusho, lakini ujuzi alioutaka ulikuwa mikononi mwa wanawake wa Nigeria, naye akaufuata huko huko.

Alichokikuta huko kinafaa kutazamwa kwa karibu. Katika karakana nyingi za Ulaya gurudumu huuzungusha udongo, mfinyanzi akabaki ameketi. Kwa akina mama wa Kigwari chungu husimama, na mfinyanzi ndiye anayekizunguka, hatua baada ya hatua, mkono ukiuvuta udongo juu. Kwa mtu aliyezoea kukaa, hilo ni badiliko la mgongo, miguu na pumzi kabla halijawa badiliko la fikra. Mwanagenzi aliyekwisha kujiona anajua kitu hurudi kuwa mtoto. Wengi huvunjika moyo hapo, wakadhani hawana kipaji, kumbe ni mwili unaojifunza lugha mpya.

Odundo hakuvunjika moyo. Baada ya masomo zaidi huko Farnham na katika Royal College of Art, London, aliendelea kufinyanga bila gurudumu. Hupandisha chombo kwa pete za udongo, hukipaka ujiuji mwembamba wa udongo na kukisugua mpaka king'ae. Moto wenye hewa ya kutosha hukipa wekundu wa machungwa. Kikichomwa tena kwa hewa iliyobanwa, huwa cheusi. Mtu akiviona vyombo hivyo leo katika makumbusho, anatazama matunda ya uanagenzi wa nchi zaidi ya moja. Alikwenda hata New Mexico, Marekani, kuona ufinyanzi mweusi wa jamii ya San Ildefonso.

Hata hivyo mkono si kitu pekee kinachohamia ugenini. Saa nayo huhama. Anayewaza kwa Kiswahili huhesabu saa kuanzia alfajiri, kwa hiyo "saa mbili" ya kichwani mwake ni saa nane ya wenyeji wa Ulaya. Ujerumani kuna mtego mwingine: wakisema "nusu ya tisa" wanakusudia saa mbili na nusu asubuhi kwa hesabu yetu, yaani nusu saa kabla ya tisa yao. Anayeielewa kuwa ni tisa na nusu hufika saa nzima baadaye, na katika studio ya filamu saa nzima ni taa, waigizaji na fedha. Mwezi Desemba nako London jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Asiyeambiwa mapema huweza kudhani anaumwa, kumbe mwili wake unalikosa jua.

Gumu kuliko hayo yote ni kikao cha uhakiki. Katika vyuo vya sanaa vya Uingereza kazi ya mwanafunzi hutundikwa ukutani au kuwekwa mezani, walimu na wenzake wakaijadili mbele yake, naye hutarajiwa kuitetea. Kijana aliyelelewa kwa shikamoo, aliyefundishwa kutombishia mkubwa, huinamisha macho na kunyamaza. Kwake huo ni unyenyekevu. Wenyeji huusoma ukimya huo kuwa hana la kusema. Mwalimu naye huitwa kwa jina lake tu, bila "Mwalimu" wala "Profesa", na ulimi unakuwa mzito.

Lakini si kweli kwamba utamaduni wetu haukutuandaa kwa kikao hicho. Ushairi wa Kiswahili una kawaida ya kale ya kujibizana: Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliwajibu wapinzani wake kwa tungo, na hadhira ikapima nani kashinda. Adabu haikupotea, na hoja haikufichwa. Mwanagenzi akumbushwe hilo kabla hajaondoka. Afanyishwe mazoezi ya kusimama mbele ya wenzake na kueleza kwa nini amechagua rangi hii na si ile.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shida ya mafunzo mengi ya ng'ambo ni kwamba jembe halitolewi. Wiki zinapita kijana akipanga mafaili na kubeba vifaa, na kwa heshima haulizi. Aulize! Jembe lisipokuja lenyewe, liombwe kwa jina: "Naomba nishone mkono huu," "Naomba nihariri onyesho hili."

Upande wa karatasi uelezwe kwa ufupi. Viza ya muda mfupi ya Schengen hairuhusu zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180. Marekani, viza ya J-1 kwa wanagenzi (intern) haizidi miezi 12, nayo humtaka mwombaji awe bado anasoma nje ya Marekani au amehitimu si zaidi ya miezi 12 iliyopita. Ufaransa hutaka mkataba wenye sahihi ya chuo cha mwanagenzi, na mafunzo yakizidi miezi miwili posho ni lazima. Ujerumani, mafunzo ya hiari yanayozidi miezi mitatu hulipwa kima cha chini cha mshahara, lakini yale yanayodaiwa na mtaala wa chuo hayamo katika sheria hiyo. Kutojua tofauti hiyo kumewafanya vijana kulala na njaa katika miji ghali.

Kuhama hakumlazimishi msanii kuacha kwao. Sam Ntiro wa Machame, Kilimanjaro, alisoma katika chuo cha sanaa cha Slade, London, kati ya 1952 na 1955, naye akaendelea kuchora migomba, sherehe na kazi za Wachaga. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ilinunuliwa na Museum of Modern Art ya New York mwaka 1960.

Walimu na waratibu wanaohudhuria semina hii ndio wanaotia sahihi barua za vijana. Wanaombwa wasitie sahihi barua yoyote ya mwaliko isiyomtaja fundi atakayemsimamia mwanagenzi, kazi atakayoifanya kwa mikono yake, posho atakayopewa, na kama ataruhusiwa kurudi nyumbani na nakala ya alichokitengeneza.